Nilimwambia Mbele ya Shahidi

Mwenzetu mmoja wa kikundi cha kliniki alishikwa na polisi. Mpenzi wake alidai amemwambukiza virusi vya UKIMWI makusudi. Mwenzetu aliapa kwamba alimwambia mapema, wakiwa wawili tu chumbani. Nani angemwamini? Siku hiyo nilisuka nywele za mteja vibaya hadi nikafumua zote.

Nilikuwa na mtu wangu wakati huo, mkulima kutoka kijijini Bahati aliyefiwa na mke. Kila akileta viazi mjini alipitia saluni yangu, hapa mtaani Kaptembwo, akanichekesha. Mimi niliyezoea chai na mkate nikaanza kununua nyama. Lakini kulala kwangu sikumruhusu, kwa kuwa sikuwa nimemwambia hali yangu.

Dawa nilikuwa nameza miaka mingi. Mshauri wa kliniki alinieleza wazi: virusi vimepungua mpaka vipimo havivioni, siwezi kumwambukiza mtu. Nikamuuliza, na polisi je?

"Mlete mtu wako hapa umwambie nikiwepo," akasema. "Hapo utakuwa na shahidi."

Mkulima wangu alikuja na koti lake la kanisani, akidhani nimepatikana na ugonjwa mbaya. Nilimwambia. Alinishika mkono, akauliza kama dawa zinanisumbua. Nilitaka kulia kwa furaha, mtu mzima mimi. Kisha akamgeukia mshauri.

"Na huyu amekaa hapa ya nini?"

Kupaka maneno asali sijui. "Ndio kesho usiende polisi useme sikukuambia."

Mkono wangu ukaachwa. Akainuka, nikamfuata mpaka getini.

"Si ungeniambia tu kwa nyumba? Hiyo ugonjwa haingenifukuza. Lakini wewe umenipangia kesi hata kabla sijakukosea."

Akapanda boda boda akaenda. Nilimkasirikia, tena sana. Yeye hajawahi kulala akiwaza pingu kwa sababu ya kupenda. Hasira ilipoisha ndipo upweke ukanikamata, na haujaniachilia. Viazi sasa nanunua sokoni, na bado najikuta nikimenya vya watu wawili.

Kila nikienda kuchukua dawa, mshauri ananihakikishia kwamba anakumbuka vizuri, na hata kortini atasimama aseme nilisema ukweli. Namshukuru, narudi nyumbani. Shahidi ninaye. Wa kunishtaki ndiye sina.