Lugha Iliyochora Duara

Wenzake kwenye chumba cha picha hospitalini walimwita Mama Nukta, maana nukta moja ikikaa pabaya kwenye programu yake, hali wala halali. Kazi yake ilikuwa kuandika plagini, vile vijiprogramu vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa ya kuchambua picha za kifua, ili madoa ya mapafu yachorewe duara jekundu kabla daktari hajaangalia.

Mkuu wa kitengo alimpa hadi saa sita mchana awe ameshachagua lugha ya kompyuta ya kuziandikia, Java au Python. Programu kubwa yenyewe ilijengwa kwa Java, kwa hiyo Java ingeingia bila taabu. Python ingechelewachelewa, lakini ndiyo aliyoipenda. Basi akaandika plagini ile ile mara mbili, hesabu zile zile, akazishindanisha kwa picha arobaini. Zikakubaliana zote. Mwishoni akaongeza ya arobaini na moja, ya dada yake, aliyepimwa afya ya kazini wiki ile. Mama Nukta hakuiamini plagini yoyote kabla hajaijaribu kwa mtu wake.

Java haikuona kitu. Python ikachora duara, chini ya pafu la kushoto.

Akaikuza picha. Palikuwa safi kabisa. Daktari naye akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mama Nukta akaipindua picha juu chini, duara likafuata. Akapapaka pale rangi nyeusi tii, akaiendesha upya, na duara likarudi pale pale, juu ya weusi mtupu. Nywele zikamsimama.

"Saa sita hiyo," mkuu akasema mlangoni. "Chukua Java, yaishe. Hiyo nyingine inaota mchana."

Kichwa kilikubaliana na mkuu, moyo ukagoma. Akichagua Java, dada anapewa cheti cha uzima leo leo. Aliogopa, tena sana. Akachukua simu.

"Shikamoo dada. Hebu njoo upigwe picha tena."

"Marahaba. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mashine tu inanisumbua."

Dada akashusha sauti.

"Ni huku chini, kushoto, sio? Tangu juzi kuna kitu kinanibonyeza, mdogo wangu. Sijamwambia mtu."

Mama Nukta akavuta fomu ya mkuu ya kuchagua lugha, akaandika Python, akatia sahihi, machozi yakimtoka.