Nilivyompeleka Mjerumani wa Kale Chake Chake

Subira iliniishia jikoni kwangu Micheweni, simu sikioni, mtoto kifuani.

"Bi Zuhura," alisema Mwenyekiti wa klabu yetu ya wasomaji, "kesho makala yako ataisoma mwenzetu Mwalimu Khatibu. Wewe una mtoto mchanga. Ukumbi unataka utulivu."

"Kwani kaiandika nani?"

"Ndiyo hivyo, dada."

Nikamkatia simu. Makala ile nimeiandika huku nanyonyesha!

Asubuhi nikambeba mwanangu, nikapanda gari la Chake Chake. Njiani nikawa nairudia. Ilimhusu Mjerumani aliyeishi zaidi ya miaka mia tano iliyopita: mwanasheria, bingwa wa Kilatini, aliyetunga mashairi ya kuwakejeli wajinga wote wa zama zake. Aliwakejeli kwa Kijerumani cha sokoni, wasije wakasema hawakuelewa. Na mjinga wa kwanza aliyemtaja ni msomi mwenye vitabu tele asivyovielewa. Hakujibagua.

Wawi nikashuka kwa Shangazi Maryamu. Nilipomsimulia ya Mwenyekiti, akanifungulia sanduku la kanga.

"Usigombane na mtu. Vaa hii, kaa mbele, atasoma mwenyewe."

Ndivyo tunavyosutana sisi, kwa maneno ya kanga.

"Shangazi, ya kumsuta nilishavaa mwezi uliopita. Akanisifia rangi."

Alicheka mpaka chai ikammwagikia. "Basi twende wote."

Chake Chake, mlangoni, Mwalimu Khatibu akanyoosha mkono apokee karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo nasoma mwenyewe."

"Marahaba," akasema, akanipisha.

Nikasoma nimesimama, mtoto kalala fofofo mgongoni. Nilipofika pale Mjerumani anapowacheka wanaopiga soga ndani ya nyumba ya ibada, simu ya Mwenyekiti ikalia taarabu, sauti juu! Akapapasa kanzu huku, akapapasa kule, haionekani.

"Yakhe," Shangazi akapaza sauti, "mtoeni nje mtoto huyo anayelia!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanangu hata hakujigeuza. Nikasoma mpaka neno la mwisho, na makofi ya kwanza aliyapiga Mwalimu Khatibu.

Wakati wa kurudi, kituoni, Shangazi akasema, "Ushamshinda. Yameisha."

Hayajaisha. Kicheko husahaulika kabla gari halijafika Micheweni. Yule Mjerumani alijua kucheka, lakini kicheko chake alikiandika. Nikarudi ukumbini, nikaandika barua hii, nikamkabidhi Katibu wa klabu:

"Kwa Kamati. Namlalamikia Mwenyekiti kwa kutaka kuninyima kusoma kazi yangu kwa sababu nanyonyesha. Naomba iingie kwenye kanuni: mwenye makala ndiye msomaji wake, awe na mtoto, asiwe naye. Mwanangu hakulia. Shahidi wangu ni ukumbi mzima."