Mkebe wa Halua wa Kwenda Krabi

Mjukuu wangu alinipa habari ya safari yake huku akinimenyea chungwa, sebuleni kwangu Mayfair, baada ya sala ya Ijumaa. Ni mtoto wa binti yangu. Mama yake aliporudi Tanga alimwacha kwangu, akasoma hapa hapa Johannesburg, na sasa anafanya kazi ya ofisi huko Randburg. Kiswahili anakielewa chote, ila akikasirika hukimbilia Kiingereza. Kwa desturi ya kwetu babu na mjukuu hutaniana: mimi humwita mke wangu, naye huniita mume wangu. Kwa hiyo aliposema, "Mume wangu, nakuaga, nakwenda kuogelea Thailand," nilicheka nikaendelea kula chungwa langu.

Haukuwa utani. Tiketi ilikwishanunuliwa, ile ya bei ya chini kabisa, inayomlaza abiria kwenye benchi za uwanja wa ndege njiani. Mji wenyewe unaitwa Krabi, uko pwani, kusini mwa nchi ile. Nilimuuliza anakwenda na nani. Peke yake. Nani atampokea? Hakuna. Atalala wapi? Kitanda cha juu, chumba cha wageni wasiojuana, wanawake pekee. Nikauliza kuna mgonjwa huko, au kuna anayeoa. Maisha yangu yote sijapata kumwona mtu wa kwetu akipanda ndege bila msiba, harusi, hija au biashara.

"Eish, babu, hakuna anayeoa," alisema. "Nimechoka. Nataka kukaa mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu."

Neno hilo lilinishtua kuliko safari yenyewe, kwa sababu nilidhani nikimuuliza maswali ndiyo namfariji. Alinieleza kwamba watu wengi wa upande ule ni Waislamu, na kwamba adhana husikika mpaka ufukweni. Sikujibu siku ile. Nilisali istikhara, sala ya kumwomba Mungu aniongoze, nikaomba subira, na baadaye nikampigia simu kumwambia aende katika ulinzi wa Mwenyezi Mungu. Alilia kidogo kwenye simu. Nilishukuru kwamba sikumkatalia.

Basi, kwa furaha ya kuwa nimeshindana na nafsi yangu nikaishinda, nikaitaja safari hiyo msikitini. Hapo inafaa nieleze kwamba kwa miaka mingi nyumba yangu imekuwa kituo cha amana. Mtu akiwa na nguo za mtoto za kupeleka Tanga, dawa ya mama yake Dar es Salaam au simu ya dada yake Unguja, huileta kwangu, nami humkabidhi msafiri wa kwanza anayeaminika. Sijawahi kufungua mzigo wa mtu. Nilifundishwa hivyo tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani, na mimi nimewafundisha wengine: amana hufikishwa kama ilivyopokelewa.

Kesho yake tu alinijia mwenzangu wa safu ya mbele, mtu ambaye bega lake limegusana na langu katika sala kwa muda mrefu. Alibeba mkebe wa halua uliozungushiwa utepe wa rangi ya udongo, tabaka juu ya tabaka. Alisema ana mdogo wake, mpishi wa hoteli huko huko Krabi, ambaye angekuja mwenyewe kuupokea uwanja wa ndege. Niliupokea kwa mikono miwili. Nilifurahi kwamba safari ya mjukuu wangu, ambayo niliiona haina sababu, sasa imepata thawabu ndani yake.

Siku ya kuondoka alikuja kuniaga mchana, begi moja mgongoni. Akauona mkebe mezani.

"Hiki nini?"

"Halua. Utampelekea ndugu wa mwenzangu."

"Mwenzako aliufunga mbele yako?"

"Amana haiulizwi hivyo, mke wangu."

Hakucheka. Alilitua begi sakafuni, akasema, "Babu, sibebi kitu ambacho sikukifunga mwenyewe."

Haijapata kutokea mtoto wa nyumba yangu akarudisha amana ya mtu. Nilimsomea somo refu, la imani, la ujirani, la watu waliotubebea mizigo yetu tulipokuwa hatuna kitu. Nikaongeza kwamba Randburg imemfundisha ubinafsi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili kitupu, polepole, bila neno moja la Kiingereza.

"Wakikuta kitu humo, hawatamtafuta mwenye mkebe. Watanishika mimi. Kule watu hufungwa maisha kwa dawa za kulevya, babu, na wengine hunyongwa. Kama unamwamini, ufungue tuone."

Sikuweza kuufungua. Haukuwa wangu. Lakini nilitazama shingo yake, ambayo nimeiona tangu haijaweza kushika kichwa, na mkono wangu ukaenda kwenye simu.

Mwenzangu anakaa nyuma ya maduka ya Wasomali, hakukawia kufika. Nilimmiminia chai. Nikamweleza kwa upole kwamba wasafiri wa siku hizi wana hofu, basi afungue mwenyewe, tuonje kidogo wote watatu, tuufunge upya, na mtoto ataubeba kwa moyo mweupe. Nilitegemea atacheka.

"Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba amana haifunguliwi," alisema.

"Haifunguliwi na aliyeaminiwa. Mwenyewe uko hapa, na kisu hiki hapa."

Alikitazama kisu. Akamtazama mjukuu wangu, mimi hakunitazama. Alisema mdogo wake ataudhika akiona mkebe umechezewa. Kisha akautia kwenye mfuko wa plastiki, akatoa salamu, akatoka, na chai yake ikabaki inafuka mvuke. Hakumtakia msichana safari njema. Dirishani nilimwona akivuka barabara huku robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, magari yakimpigia honi, naye hageuki.

Sijui mlikuwa na nini mle. Dini yangu inanikataza kumdhania mtu ubaya, nami najizuia kila siku. Lakini tangu hapo hajarudi kwenye safu yetu, na halua haimkimbizi mtu.

Nikakaa kitini. Mjukuu wangu aliniletea maji, akakaa chini karibu na magoti yangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa tayari kumkabidhi mkebe ule kwa mikono yangu. Ningemsomea na dua juu yake.

Kisha nikamwambia alimwage begi lake.

"Babu, yule hakuligusa begi langu."

"Limwage."

Alilimwaga juu ya zulia. Nikashuka kitini, nikaanza kupapasa kimoja kimoja: taulo, kandambili, mafuta ya jua, waya wa simu, mswala mwembamba wa safari, ambao nilikuwa sijui kama anao. Chini kabisa nikashika kitu cha bluu, kidogo kama kitambaa cha mkononi, chenye kamba mbili.

"Hii ya mtoto wa nani?"

"Yangu, mume wangu. Ya kuogelea."

Siku nyingine yoyote ningezungumza mpaka magharibi. Nilipitisha vidole kwenye mishono yake, polepole, kuzunguka yote, kama nilivyofanya kwa vile vingine. Hamkuwa na kitu. Nikaikunja vizuri, nikairudisha chini ya begi, nikafunika na taulo. Kisha nikaweka kiganja kichwani pake nikasoma dua ya msafiri.

Aliniuliza kama nimemaliza, maana gari lilikuwa linamngoja nje. Nikamwambia bado mfuko wa pembeni.