Karafuu Maiti Kutoka India

Daktari aliniita peke yangu, akanieleza kwamba dawa hazina tena la kufanya na heri nimrudishe mama nyumbani. Nilimpigia simu kaka yangu Msambweni, tukaafikiana mama asiambiwe. Kwa hiyo nilimwambia amepewa ruhusa, dawa zilizobaki atamalizia kwetu. Akasema alhamdulillahi, kisha akataka twende madukani, maana watu wanajua tumekwenda India na hatuwezi kurudi mikono mitupu.

Nilikasirika. Mtu ngazi zinamshinda, soko ataliweza? Lakini mama akishasema amesema, nikakodi teksi. Dereva akatupitisha kwanza kwenye ngome ya kale wanakopelekwa wageni wote. Nikamsimamisha mama ukutani nimpige picha, na moyoni najua ninampigia nini. Yeye akaitazama ile ngome juu mpaka chini, akauliza wenyewe wako wapi. Nikamwambia walikufa zamani. Akaniambia basi twende sokoni.

Sokoni alipata nguvu sijui wapi. Akanunua bangili za wajukuu, udi wa mama mkubwa wa Gazi, mtandio wa jirani aliyebaki akitulishia kuku. Kihindi hakijui, muuzaji naye Kiswahili hakijui, wakabishana bei kwa vidole na mama akashinda. Nilicheka, wallahi, nikasahau kabisa tulikotoka.

Kisha akasimama kwenye kiduka cha vitu vya ibada. Mbele paliwekwa karafuu maiti, vipande vyeupe vinavyong'aa. Wenzetu kule huichoma wakisali. Kwetu mtu hainunui mpaka pawe na msiba, itiwe kwenye maji ya kumwoshea maiti. Mama akachukua kipande, akakinusa, akaashiria apimiwe.

Nikamshika mkono. Nilimwambia hiyo si zawadi, hakuna mtu anayempelekea mwenziwe kitu kama hicho, watu watatuonaje. Niliyasema mengi, harakaharaka.

"Hii ni safi, mwanangu. Ya kwetu siku hizi huchanganywa," akasema. "Kila mtu nimemnunulia chake. Na mimi nisikose."

Nikalia palepale mbele ya watu. Mama alilipa, akakifunga kile kifurushi kwenye pembe ya leso yake, akanishika mkono tukarudi kwenye teksi. Daktari alisema nini, hakuniuliza hata siku moja.

Nyumbani alizigawa zawadi mwenyewe, akiwatania waliokuja kumpa pole. Yake akaiweka sandukuni, chini ya leso zake za kutokea.

Haikukaa sana. Siku tuliyomwosha, mama mkubwa wa Gazi aliiponda kwenye kiganja, akainusa, akaniuliza nzuri namna hii imetoka wapi.

Nikamwambia ni zawadi ya India, mama alijiletea.