Mlima Niliosema Si Wangu

Wenzangu mliosoma pande za Ruring'u, kule Nyeri, wakati wetu mtakumbuka baridi ya Julai, tukienda shule miguu mitupu, kila mmoja na ukuni wa kupikia uji kwapani. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka kengele ilie, sweta zimechanika viwiko, magoti mekundu kwa udongo. Watoto wa siku hizi wakinyeshewa kidogo tu hupelekwa hospitali.

Mimi nilipenda hesabu. Kuchora niliona ni kazi ya wavivu, na nilimwambia hivyo Mwalimu Nafula, aliyetoka magharibi mwa Kenya kuja kutufundisha darasa la sita. Hakukasirika. Alinitoa nje asubuhi, kabla mawingu hayajafunika Mlima Kenya, akanipa penseli.

"Nyoosha mkono, funga jicho moja. Urefu wa mlima unaingia mara ngapi kwenye upana wake?"

Nilipima, nikamjibu.

"Jua linatoka wapi?"

"Mashariki, nyuma ya mlima."

"Basi upande unaotutazama uko kwenye mwanga au kivuli?"

Ilinibidi nitazame tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeuona mlima bila kuutazama.

Tangu siku hiyo alinifundisha kuchora kwa yale niliyoyajua. Rangi tulichanganya kwa vijiko, viwili vya hii na kimoja cha ile, kama uwiano wa hesabu. Wekundu tulipata kwenye udongo, kijani kwenye majani tuliyoponda, weusi kwenye makaa. Alinieleza kwa sayansi kwa nini vilima vya mbali huonekana vya buluu. Muhula ulipokaribia kuisha nilikuwa nimemaliza mlima wangu, na nilikuwa naamka mapema kwenda kuutazama.

Siku ya wazazi picha zilibandikwa ukutani, majina yakiwa nyuma. Baba alikuja na koti lake la kanisani. Alikuwa mkulima wa kahawa, na kila jioni alituambia, "Soma, jembe halina pensheni." Alisimama mbele ya mlima wangu.

"Hii ni ya nani? Ati mtoto analetwa shule kuchora milima? Huyo mzazi wake anajua?"

Akanigeukia. "Ni ya nani?"

"Sijui," nikasema.

Mwalimu Nafula alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amesikia yote. Akamwambia baba kwa upole, "Mzee, karibu uone alama za hesabu za mwanao." Baba akafurahi sana.

Jumatatu mwalimu aliniita akanipa ile picha. "Sitakulazimisha," alisema. "Siku ukitaka kusema ni yako, njoo tuendelee."

Sikwenda. Niliona aibu, na kila siku iliyopita aibu ikazidi. Picha nilifunikia daftari la hesabu, upande wa rangi ukiwa ndani. Likizo ilipoisha tukaambiwa mwalimu amehamishiwa kwao. Baba alifariki bila kujua ile picha ilikuwa ya nani, na nafikiri kama ningemwambia angenung'unika siku mbili tu, kisha akasahau. Mwaka jana nilipata mtu wa kwao Mwalimu Nafula, nikamuuliza habari zake. Akaniambia walimzika zamani.

Siku hizi watoto wana rangi za kila aina, na baba zao hupiga picha kila mstari wanaochora, wakautuma kwa shangazi na wajomba. Binti yangu hata hajisumbui, huiambia simu imchoree mlima na dakika moja haiishi. Huwa nawacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Sisi tulikuwa na mtu aliyekaa akafikiria kila mtoto anapenda nini, akaanzia hapo.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, kuanzia Nyeri hadi Kiriaini. Nina miaka hamsini na mbili, na tangu mwaka ule sijachora chochote isipokuwa mipaka ya mashamba ya watu.