Neno la Siri Lisiwe la Ofisi Nzima

Nakumbuka Jumatatu moja ya mwisho wa muhula, mwanangu, niliitwa ofisini kwa mkuu wa shule nikaelezwa, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba naondolewa darasani. Huo upole ndio ulioniudhi. Mtu akikufokea unaweza kumjibu, lakini akikuhurumia unabaki kusema asante.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe unasomea kompyuta na kesho kutwa utawatengenezea watu vitu vya kutumia. Mimi, kama unavyoniona, ni mtu mwenye ualbino. Ngozi yangu kila mtu anaiona, ila macho yangu watu huyasahau. Naona, lakini kwa karibu na kwa taabu, na mwanga mkali unaniumiza. Nilizaliwa Bukiriro, huko Ngara, nikasoma kwa kukaa dawati la mbele, nikawa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo. Ubaoni sikuwa na shida. Wanafunzi walinitania kwamba naandika herufi kubwa kama za kwenye mabasi.

Shida ilianza tulipoletewa mfumo wa kuingiza alama. Aliyeutengeneza ni kijana wa mjini Biharamulo aitwaye Saidi, wa ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani wakafungua duka la vitambaa. Kijana mstaarabu, na kompyuta anaijua. Ila ule ukurasa wa kuingilia, mwanangu! Ulikuwa mweupe pee, na maandishi ya kijivu hafifu. Jina la kisanduku limeandikwa ndani ya kisanduku chenyewe, ukianza kuandika linapotea, hujui tena kama uko kwenye jina au kwenye neno la siri. Chini yake kuna herufi zilizopindapinda ambazo lazima uzinakili ili kuthibitisha kwamba wewe ni mtu, si mashine. Ukikosea, kisanduku kinazungushiwa mstari mwekundu, hakuna maelezo. Ukichelewa, unarudishwa mwanzo. Nilikuwa nabandika pua kwenye kioo mpaka machozi yananitoka, na bado mfumo hauamini kwamba mimi ni mtu.

Sasa, unajua desturi yetu. Mtu akikuona umebeba mzigo anakuja kukupokea, hata kama mnajuana kwa sura tu. Wenzangu wakanipokea. "Mwalimu Editha, usijitese, lete nikuingizie." Leo huyu, kesho yule. Kila anayenipokea namtajia neno langu la siri, tena kwa sauti, yeye anabonyeza. Kufika mwisho wa muhula nadhani hata mpishi alikuwa analijua. Hakuna aliyeona ubaya.

Kisha ikaonekana alama ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili imepanda kutoka kufeli hadi kufaulu vizuri. Karatasi inasema hivi, mfumo unasema vile, na mfumo unaonyesha aliyebadilisha ni mimi. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Inawezekana kabisa kidole cha mtu kiliteleza tu. Mkuu wa shule akasema, "Mwalimu, sikudhanii ubaya. Ila kazi hii inataka macho. Shule ikifunguliwa utakwenda maktaba, upumzike." Maktaba yenyewe ilikuwa kabati. Nikamwomba asiandike chochote mpaka tufungue shule, akakubali.

Nikapanda basi, kisha pikipiki, kwenda nyumbani na uchungu wangu. Aliyenilea ni shangazi yangu Veronika, dada mkubwa wa baba. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote. Tuliongea Kihangaza, mimi nakusimulia kwa Kiswahili. Nilitegemea anipe pole. Hakunipa.

"Uliposhuka kwenye pikipiki, nani alikupokea begi?" akaniuliza.

"Mke wa jirani, shangazi."

"Alilifungua?"

"Hapana. Alifungue la nini?"

"Alilitua mlangoni akaenda zake. Ndivyo watu wanavyopokeana. Hao wa shuleni kwako wanalifungua, wanatoa nguo zako wanavaa, na zikichanika unaulizwa wewe. Na wewe unashukuru. Huyo aliyetengeneza mlango wa kuingilia, umemwambia kwamba hupiti?"

Nikasema sijamwambia. Nilikuwa naona aibu, nikamwambie nini, kwamba macho yangu mabovu?

"Macho yako ni mabovu tangu ulipozaliwa," akasema, "na humu jikoni hujawahi kukosa mlango. Tuling'oa kizingiti, tukapaka chokaa ukingoni, basi. Nani alikuonea huruma humu?" Akanisukumia kisu na mimi nimenye.

Sikulala vizuri kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Lakini kabla shule haijafunguliwa nilirudi Biharamulo nikaenda moja kwa moja dukani kwa akina Saidi. Nilipomweleza, alishangaa kwa kweli.

"Mbona kila mtu ameusifu ule ukurasa, Mwalimu?"

"Uliwauliza wanaouona," nikamjibu. "Vuta kiti."

Hatukufanikiwa mara moja. Alikuza herufi zikatoka nje ya kioo. Akaweka njano kali, nikafumba macho. Mwishowe tukapata mandhari nyeusi na maandishi meupe manene, na kitufe cha kubadilisha kwa asiyependa weusi. Jina la kisanduku likahamia juu, likakaa hapo hapo hata ukiandika. Mstari mwekundu ukaongezewa maneno: neno la siri si sahihi, jaribu tena. Kuhusu zile herufi zilizopinda nilimuuliza, "Kwani nani atatuma mashine ije kuingiza alama za historia?" Akacheka, akazifuta. Muda nao akauongeza.

Halafu akaifundisha kompyuta kusoma kwa sauti kila kisanduku, kwa ajili ya asiyeona kabisa. Nikaandika neno langu la siri, nayo ikalitangaza herufi moja moja, duka zima likasikia! Wateja waligeuka. Saidi alishika kichwa. Akarekebisha, kila herufi ya siri ikawa inatamkwa "nyota" tu, na tukaongeza hedifoni.

Siku ya kufungua shule mkuu alisimama nyuma yangu huku amekunja mikono. Niliandika mwenyewe neno jipya la siri ambalo sikumtajia mtu, nikabonyeza, nikaingia. Mwanangu, nilifurahi! Mkuu akavua miwani yake akauliza kama zile herufi kubwa anaweza kuzitumia na yeye. Habari ya maktaba haikusemwa tena. Kengele ilipolia nilikwenda kidato cha pili.

Mchana Saidi akanifuata. "Mwalimu, nipe basi neno lako jipya la siri, siku ukikwama nikusaidie."

"Sikupi," nikamwambia. "Nikikwama nitakuita uje urekebishe mfumo wako."

Basi shika haya, mwanangu. Ukitengeneza kitu cha watu wote, kabla hujasifiwa, mtafute yule ambaye kinamshinda, ukae naye, umsikilize mpaka aweze kukitumia mwenyewe. Usimfanyie kazi yake ukaita huo msaada. Na kama siku moja ni wewe unayeshindwa, sema mapema na useme kwa aliyetengeneza, si kwa kila anayepita. Kuomba mlango upanuliwe si kuomba huruma.

Mungu akubarikie kazi ya mikono yako na akupe masikio ya kuambiwa. Na macho yako yatakapochoka, maana yatachoka tu, akukutanishe na kijana aliyekufikiria kabla hujafika.