Kezia na Kumbukumbu Isiyoachiliwa

Kezia alijifunza kompyuta katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa vitabu vilivyoachwa na watu wa misaada. Aliporudi kwao Rumonge, mji ulio kando ya ziwa, chama kimoja cha wavuvi kilimpa mashine ya kutunza: ile iliyopokea maonyo ya hali ya hewa na kuyatuma kwenye simu za wavuvi, toka Magara hadi Kabonga. Mdogo wake Karoli alikuwa mmoja wao, pale Magara.

Mvua zilipoanza, mashine ikawa inaganda. Jephté, shefu wake kazini, alikuwa na dawa moja: "Zima, washa."

Kezia hakuridhika. Kila asubuhi alisoma hesabu inayowekwa na kiini cha mfumo wa mashine, ya kumbukumbu iliyoshikwa na data zinazopita mtandaoni. Kipande cha data kikiingia hupewa nafasi. Kikishapita, nafasi huachiliwa. Hapa nyingine hazikuachiliwa. Jumatatu zilishikwa elfu sita, Ijumaa laki nne. Alichimba wiki tatu mpaka akaona: kipande kikiingia kimeharibika, programu ya kadi ya mtandao ilikitupa lakini nafasi yake ikabaki imeshikwa. Na vipande viliharibika zaidi mvua ilipopiga mnara wa mtandao ulioko mlimani. Kwa hiyo mashine ingekufa dhoruba ikikaribia.

Alirekebisha mstari mmoja wa programu hiyo, akamwomba Jephté ruhusa ya kuuweka.

"Mama Kezia, mashine iko inatembea. Ukiiharibu, nitawaambia nini wakubwa?"

"Shefu, itatuacha siku ya upepo."

"Siku hiyo tutazima, tutawasha."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mvua ilianza milimani saa tisa alasiri, na saa kumi mashine ikaganda. Ofisi ilikuwa imefungwa, ufunguo anao Jephté, naye hakushika simu. Kezia alimpigia Karoli mara kumi na moja. Hakupatikana; alikuwa ameshaingia ziwani.

Watu wa hali ya hewa walituma onyo, lakini halikufika kwenye ufuko hata mmoja. Mitumbwi mitatu haikurudi. Mwili wa Karoli ulipatikana siku ya nne.

Wiki iliyofuata Jephté alisema, bila kumtazama, "Weka ile kitu yako."

Aliiweka. Miezi mitano sasa mashine haijaganda, na watu wanamsifu.

Zipora, mjane wa Karoli, alimuuliza wakichambua maharage nje ya nyumba yake: "Wifi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Zipora hakulia. Alichukua sinia, akaingia ndani, akafunga mlango. Kezia alikaa nje mpaka jua likazama, kisha akaenda zake. Hajarudi pale tena.